Sauti Ndani ya Kompyuta Iliyofunikwa Shuka

Mama yangu hajui kukaa. Ukimwekea kiti atakaa pembeni kabisa, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Geuka kidogo tu, ukirudi utamkuta amesimama, bisibisi mkononi, anafungua kitu ambacho hakuna aliyemwomba akifungue. Mtaani wanamwita Mama Risasi, kwa sababu ya ile risasi laini anayoyeyusha kuunganishia nyaya. Siku moja askari mgeni alilisikia jina hilo dukani, akaja mpaka mlangoni kwetu kuuliza risasi zenyewe ziko wapi. Mama akamwonyesha zote, zimeviringishwa kwenye kigurudumu cha plastiki, kisha akamtengenezea simu yake iliyokuwa haisikiki vizuri. Askari aliondoka akiwa ameshika kofia mkononi.

Alifanya kazi miaka kumi na minane katika kiwanda cha kuunganisha redio. Kazi yake ilikuwa kupachika vipande vitatu vilevile kutwa nzima, kisha kumsogezea redio jirani yake wa kulia. Kiwanda kilipofungwa, malori yalibeba redio ambazo hazijamalizika mpaka jalalani. Mama alikwenda kuzitazama. Nyingine zilikosa kitufe kimoja tu. Alirudi na nne ndani ya mkoba, akazimaliza mezani kwetu, na tangu siku hiyo hakuweza tena kupita kando ya kitu kilichotupwa bila kuinama. Kutoka redio akahamia televisheni, kutoka televisheni akahamia kompyuta. Kompyuta ya kwanza ilitupwa na shule moja. Aliifungua na kuifunga mwezi mzima, hana kitabu wala mwalimu, mpaka ikawaka. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na minne, na baba yangu alikuwa amefariki siku nyingi.

Mambo ninayosimulia yalitokea akiwa na hamsini na minane. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabarani, kilikuwa karakana yake. Mimi nilikuwa na kona moja tu humo, cherehani yangu na marobota ya sare za shule. Kompyuta zilizotengenezwa zilijaa kwenye rafu, zikashuka sakafuni, zikaingia ukumbini, zikapanda juu ya meza ya chakula. Tulikuwa tunakula tumepakata sahani. Nilimwambia nyumba imegeuka jalala. Akanijibu, bila kuinua macho, kwamba jalalani vitu havifanyi kazi, na humu ndani kila kitu kinafanya kazi. Ilikuwa kweli. Ubovu ulikuwa kwenye kuuza. Mteja akija, mama alimweleza kasoro zote za mashine kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, hata zile alizokwisha kuzirekebisha, na mteja akaenda zake.

Jumatano moja alikuja Profesa, mzee wa mkokoteni anayeokota vyuma na vifaa vibovu mitaani. Wanamwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, ambayo ina kioo upande mmoja tu, na kwa sababu hawezi kukuuzia hata msumari bila kukuhutubia kwanza. Siku hiyo alileta printa mbili na kompyuta ya mezani ya zamani, imefunikwa shuka safi lililopigwa pasi. Alisema aliikuta hivyohivyo nje ya geti la watu, kando ya pipa la taka. Mama aliondoa shuka polepole, akasema mtu hafuniki takataka.

Alikuwa na sheria yake. Kila alipoletewa kompyuta, kabla ya jambo lolote alichomoa diski yake, akaiunganisha na mashine yake mwenyewe, akafuta kila kilichomo bila kutazama. Mambo ya watu ni ya watu, alikuwa akisema. Lakini siku hiyo alikuwa anajaribu spika alizotoka kuzitengeneza na alihitaji sauti yoyote. Akaona orodha ndefu ya faili za sauti, hazina majina, zina tarehe tu. Akabonyeza ya kwanza.

Mimi nilikuwa nashona. Nilisikia mwanamume akisema, kwa utaratibu kabisa, "Kiti." Kisha kimya. Kisha sauti ya mwanamke, nzito, kama mtu anayeongea huku amejazwa pamba mdomoni: "Ki. Ki." Mwanamume akasema, "Kiti. Tena."

Nilisimamisha cherehani. Mama alibonyeza ya pili. Ikawa vilevile, na ya tatu. Kiti, maji, mlango, mkono. Tulielewa pole pole kwamba yule mama alikuwa amepatwa na kiharusi, na huyu bwana alikuwa anamfundisha kusema upya, kila siku anarekodi, kila siku neno moja mawili. Faili zilikuwa zaidi ya mia moja. Nilimkumbusha mama sheria yake. Akabonyeza ya nne.

Kilichomtesa ni kwamba diski yenyewe ilikuwa inakufa. Ilikuwa inagonga, tik, tik, kama kucha juu ya meza, na faili nyingine zilikataa kufunguka. Mama aliacha kazi zote. Siku tatu nzima alizihamisha faili moja moja kwenye mashine yake, akisikiliza kila iliyokubali. Alikuwa anazungukazunguka ukumbini akiwa ameshika kikombe cha chai kilichopoa, anasikiliza, anarudi. Alisahau sufuria jikoni mara mbili. Yule mama wa kwenye sauti alikuwa anaendelea vizuri, ameshapata kiti, maji, mlango, hata jina la mume wake. Neno lililomshinda lilikuwa dirisha. Akisema, linatoka dilisha. Siku ishirini nzima, dilisha. Bwana anasema tena, yeye anasema dilisha. Katika faili ya mwisho iliyofunguka bado alikuwa anasema dilisha, na zilizobaki zilikuwa zimeharibika kabisa, hazikutoa hata mkoromo.

"Sijui kama alilipata," mama aliniambia Jumapili asubuhi, amesimama juu ya kichwa changu kabla sijaamka vizuri. "Nitajuaje kama alilipata?"

Nikamwambia hatajua, na hamhusu. Akaenda jikoni, akarudi. Akatoka nje, akarudi. Mchana akamtafuta Profesa. Profesa alimpa hotuba juu ya mpangilio wa mitaa ya mji, lakini mwisho wake alisema geti lilikuwa la bluu, nyuma ya kiwanda cha magodoro, nyumba ya tatu kutoka kwenye tangi la maji. Jumatatu mama alivaa gauni lake la harusi za watu. Nilimfuata ili nimzuie asiseme mambo ya ajabu. Njia nzima tulikubaliana tutakachosema. Tulijua tutamkuta mjane wa kiume, kwa kuwa mtu hatupi sauti ya mke wake aliye hai. Tungempa pole, tungemwambia faili zipo salama, tungeondoka.

Geti lilifunguliwa na mwanamke wa kama miaka sitini, mrefu, amenyooka, amefunga kilemba vizuri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa kifuani, na mdomo wake ulikuwa umevutwa kidogo upande mmoja. Alitutazama mmoja mmoja.

"Karibuni," alisema. Neno lilichukua muda kufika, lakini lilifika zima.

Mama aliijua sauti palepale. Yote tuliyokubaliana njiani yalimtoka kichwani, akauliza, "Dada, unaweza kusema dirisha?"

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alibaki amesimama, mkono wake mzima juu ya komeo la geti.

"Dirisha," alisema. Lilitoka safi, na r yake ndani. Kisha macho yake yakabadilika. "Nani... amekwambia?"

Mama akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia spika, akapitia Profesa, akasahau kumwambia yeye ni nani. Mimi nikamalizia, nikataja na mahali karakana yetu ilipo. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho bila kutukaribisha kukaa. Alisema mume wake alikuwa amekufa miezi saba iliyopita, moyo ulisimama ghafla akiwa anafunga viatu. Aliyekuwa mgonjwa ni yeye, aliyekufa ni mzima. Kompyuta aliitoa nje yeye mwenyewe, kwa kuisukuma kwa mguu, kwa sababu hakutaka kuisikia tena.

"Nimeitupa," alisema. "Kitu nilichokitupa... nimekitupa. Futa."

Akafunga geti.

Mama hakufuta. Jumanne aliwasha mashine yake, akaweka kidole juu ya kitufe, akaondoa kidole, akaenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alifungua televisheni ya jirani iliyokuwa nzima, akaiharibu, akaitengeneza. Aliniuliza mara nne kama mtu ana haki ya kutupa sauti ya mtu mwingine. Nilimwambia sauti ile nusu ni ya yule mama mwenyewe. Alisema na nusu ya pili je. Chakula alikuwa anakigusagusa tu. Nilianza kuogopa kwamba kichwa chake nacho kimeanza kugonga kama ile diski.

Alhamisi, kama saa nne asubuhi, teksi ilisimama mbele ya mlango wetu. Alishuka yule mama wa geti la bluu. Aliingia, akatazama rafu, akatazama sakafu, akatazama mlima wa vioo vya kompyuta kando ya cherehani yangu, akachagua kiti pekee kilichokuwa na nafasi. Tulimletea maji. Alikunywa kidogo kidogo, akifuta mdomo kila mara kwa leso.

Alisema kabla ya kiharusi alikuwa dalali wa minada. Miaka ishirini na mbili alisimama mbele ya watu akiuza vitanda, makabati na majokofu, vingi vikiwa vya watu waliokufa au waliofilisika. Ulimi wake ulikuwa unakwenda mbio kuliko mashine ya kushonea, alisema, akinitazama. Mume wake alikuwa mpima ardhi, mtu wa vipimo, asiyezidisha neno. Ndiyo maana alirekodi kila siku: alitaka kupima. Na yeye alichukia kila dakika. Aliyekuwa anasikika mle ndani hakuwa yeye, alikuwa kiumbe kingine chenye ulimi wa mbao.

Kisha akafika kwenye jambo lililomleta. Lilimchukua muda mrefu, na mama, ambaye hawezi kusubiri hata maji yachemke, alisubiri.

"Wewe umesikiliza... zote," alisema. "Mimi siwezi. Niambie ukweli. Alinichoka?"

Mama alikaa chini juu ya boksi la kompyuta, uso kwa uso na yeye. Najua alikuwa na jibu jepesi mdomoni, hata mimi nilikuwa nalo. Akasema, "Kuna siku moja alichoka, dada. Ni ya arobaini na kitu. Alipiga meza, akasema hii kazi haina mwisho, kiti kikaanguka, mlango ukabamizwa."

"Naikumbuka," alisema Dalali. Leso ilikuwa imekunjwa ngumu ndani ya kiganja chake. "Mimi nililia. Nikaenda kulala. Hatukuizungumza... mpaka amekufa."

"Lakini hukuzima mashine," mama alisema.

"Sikujua kuizima."

"Basi iliendelea. Mwanzoni nilidhani ni mgonjwa mwingine. Kuna mtu anaongea peke yake, kama anaongea huku amejishika shavu. Nikaisikiliza mara tatu ndiyo nikamjua. Ni yeye. Alirudi."

Mama aliinuka, akaitafuta ile faili, akaisogeza mbele mpaka mahali pake. Spika zilitoa ule uvumi wa chumba kitupu. Mlango ukafunguliwa. Mtu akaokota kiti, akakaa. Kisha sauti ya mwanamume, imebanwa upande mmoja, kana kwamba ameshikilia nusu ya mdomo wake kwa vidole: "Kichi." Akapumzika. "Kichi. Kichi. Ki... ti." Akaendelea hivyo, maji, mlango, mkono, akibadilisha mahali pa ulimi, akijaribu, akikosea, akirudia. Alikuwa anatafuta njia ambayo mdomo wa mke wake ungeweza kupita. Dakika thelathini na sita. Mwishoni alisema kwa sauti yake ya kawaida, taratibu, kama anayejiandikia, "Ulimi nyuma ya meno, kwanza. Nimwambie kesho." Mashine ikazimwa.

Nilikuwa nimeshika suruali ya sare, sindano imeingia kidoleni na sikuisikia. Dalali alikuwa ameweka mkono wake mzima juu ya spika, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Hakulia mbele yetu. Baada ya muda alisema, "Kweli aliniambia. Kesho yake. Ulimi nyuma ya meno." Kisha akasema, "Mjinga yule," na neno hilo sijawahi kulisikia likisemwa hivyo.

Aliomba apewe hiyo moja. Zilizobaki alitaka zifutwe, na alitaka kubonyeza mwenyewe. Mama alimwomba aache walau ile ya siku alipopata jina la mume wake. Alikataa. Mama aliomba tena. Alikataa tena, safari hii kwa kutikisa kichwa tu. Aliponyoosha kidole kuelekea kitufe cha kufutia diski, mama alimshika mkono.

"Subiri. Kuna nakala nyingine. Nilihamishia kwenye mashine yangu."

Angeweza kunyamaza. Yule mama asingejua maisha yake yote. Zilizobaki zilifutwa sehemu zote mbili, na mama alisimama pembeni akiwa amefunga mikono nyuma, kama mwanafunzi anayeadhibiwa. Kwa mtu aliyeishi zaidi ya miaka kumi na minne akiokota, kufuta kulimuuma kama kung'olewa jino.

Dalali hakuondoka. Aliinuka, akaanza kupita kati ya rafu, akigusa hiki na kile.

"Hivi vinafanya kazi?"

"Vyote," alisema mama.

"Mbona... haviuzwi?"

Nikajibu mimi. Nikamweleza habari ya kasoro. Dalali alinisikiliza, na ule upande wa mdomo unaotii ukapanda juu kidogo. Aliuliza siku gani mtaa wetu unakuwa na watu wengi. Nikasema Jumamosi.

Wiki nzima iliyofuata mama alikuwa kama kuku aliyehamishwa banda. Alizijaribu mashine zote, akazifuta vumbi, akazijaribu tena. Aliniambia hatauza, kisha atauza nusu, kisha atauza zote isipokuwa sita, na zile sita zilikuwa zinabadilika kila siku. Jumamosi asubuhi tulizipanga nje juu ya mbao na marobota yangu. Profesa alizunguka mtaa na mkokoteni akitangaza, kazi aliyoipenda kuliko zote alizowahi kupewa. Watu walikuja, wengine kununua, wengi kumtazama dalali ambaye hawezi kusema haraka.

Alisimama juu ya boksi. Alionyesha kompyuta ya kwanza, akataja bei ya kuanzia, na mtu akapandisha. "Mara ya... kwanza," alisema. Kimya kikatanda. Watu walikuwa wanautazama mdomo wake. "Mara ya..." Neno la pili lilikataa. Uso ukamwiva, jasho likamtoka chini ya kilemba. Nilitaka kwenda kumshika mkono. Katika kile kimya kirefu mtu mmoja nyuma hakuweza kuvumilia, akapandisha bei. Mwingine naye akaogopa kupitwa, akapandisha zaidi. Dalali aliona. Miaka ishirini na mbili haikuwa imempotea. Kuanzia hapo sikuweza kujua ni maneno gani yalikuwa yanamkataa na ni yapi alikuwa anayachelewesha kwa makusudi.

Mama naye hakuweza kujizuia. Kwenye mashine ya tano alipaza sauti kutoka mlangoni kwamba feni yake ina kelele. Watu wakacheka. Dalali aligeuka, akamtazama, akawageukia wanunuzi. "Ina... sauti," alisema. "Kwa anayeishi... peke yake." Iligombewa na wanaume watatu. Baada ya hapo kila kasoro aliyoitaja mama ilinunuliwa pamoja na mashine yake, na watu walikuwa wanaisubiri. Mchana tulikuwa tumebakiwa na printa moja na shuka lililopigwa pasi. Dalali alilikunja, akalitia mkobani mwake.

Jioni ile tulikula mezani, watatu, viwiko vimeachana. Dalali alizungumza zaidi yetu sote, kwa mwendo wake. Mama alikula vizuri, lakini nilimwona jicho linavyotembea kwenye rafu tupu. Jumapili alishinda anapima ukuta kwa viganja. Alisema chumba kina mwangwi, hakujua kwamba kina mwangwi.

Jumatatu saa mbili alikuja bwana mmoja aliyenunua kwenye mnada, amebeba kompyuta begani, amenuna. Alisema haiwaki kabisa. Mama alimpokea mzigo kabla hajamaliza salamu. Aliitikisa mara moja sikioni, na nikaona kwamba amekwisha kujua: waya mmoja ulikuwa umechomoka njiani, kazi ya dakika moja. Yule bwana akauliza asubiri au aje baadaye.

"Niachie mpaka jioni," mama alisema, akivuta kiti. "Inabidi niifungue yote."